Sufuria la kilo 15, baada ya miaka mitano ya kulibeba

Kwetu Lamu sufuria kubwa halitajwi kwa lita. Hutajwa kwa mchele linaouivisha: la kilo mbili, la kilo tano, la kilo kumi. Hili ninaloandika habari zake ni la kilo 15, la alumini, mdomo wake sentimita 52 na kina chake kama 30. Nililinunua mtaani Langoni mwezi wa Aprili 2020, siku chache kabla ya Ramadhani kuandama, kwa shilingi 7,200 pamoja na mfuniko. Wanawake wa vikundi viwili wameniuliza kama wanunue la aina hii, na jamaa yetu aliyeko Malindi naye ameuliza. Nimeona niandike yote mahali pamoja, mazuri na mabaya, maana pesa hizo si kidogo kwa nyumba ya mshona kofia na nahodha.

Nianze na sababu ya kulinunua, kwa kuwa sufuria la ukubwa huu hakuna anayelitafuta kwa ajili ya watu sita. Machi mwaka ule korona iliingia na watalii wakakatika ghafla. Mume wangu huwapeleka Manda Toto na Kipungani kwa mashua, na mashua ikakaa ufuoni ikikauka mbao. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Misikiti ikafungwa. Asiyekaa Pwani huenda asijue uzito wa hilo la mwisho. Ramadhani, msikitini huwa kuna tende, uji, sambusa, kahawa, na hamali wa gatini, mpita njia au mzee asiye na mtu hukaa akafuturu na wenzake, wala haulizwi ametoka wapi. Mwaka ule waliokuwa wakitegemea baraza ile hawakuwa na pa kwenda magharibi ikiingia.

Aliyelianzisha jambo lenyewe ni mavyaa wangu, mamake mume wangu. Ana kisukari, na daktari alikuwa amemkataza kufunga kabisa. Alilia. Mtu aliyefunga tangu utotoni, aambiwe leo ale mchana huku wajukuu wamefunga, ni maumivu ambayo dawa haiyagusi. Fidya yake aliitoa kama alivyoelekezwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, kibaba cha mchele kwa kila siku, lakini akasema kumpimia mtu mchele mlangoni kisha kumpa kisogo hakumtoshi. "Nataka nipike," akasema. "Mkono wangu uwe ndani." Tukamuuliza atawapikia wangapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole: vikongwe wenziwe wa Langoni na Mkomani, wajane, mahamali waliokosa mizigo, kijana fulani mwenye mke mja mzito aliyeachishwa kazi hotelini. Vidole vikaisha, akarudi kwenye gumba mara ya pili, na ya tatu. Sufuria letu kubwa kuliko yote wakati ule lilikuwa la kilo tatu.

Kukodi tulifikiria. Masufuria ya shughuli yalikuwapo, tena mengi, maana harusi zilikuwa zimesimama, na mwenye nayo alitaka shilingi 300 kwa siku. Siku 30 ni shilingi 9,000, na mwisho wa mwezi unarudisha chombo cha watu. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka dukani. Kama unapika mara tatu nne kwa mwaka, kodi, wala usisome zaidi.

Jambo la kwanza kabla ya kutoa pesa: pima mlango wako. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, na mlango wa daka, ukumbi wa kuingilia, una mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, mti wa katikati. Siku zote tulikuwa tukifungua ubao mmoja tu. Sufuria halikupita. Hamali alilitua pale dakani akabaki anatutazama. Ubao wa pili ulikuwa umebanwa na komeo lililoshika kutu, na mara ya mwisho kufunguliwa ilikuwa siku tulipomtoa marehemu baba mkwe. Mume wangu alilipaka komeo mafuta ya nazi, akaligonga kwa kisigino cha nyundo, likaachia. Mavyaa alisimama kiwandani, ndio ua wetu wa ndani, akiutazama mwanga ulioingia, asiseme neno. Kisha akauliza kuni ziko wapi.

Sasa upishi wenyewe. Alumini hushika moto upesi na kuutawanya vizuri, lakini kitako lazima kiwe kinene. Dukani niliweka gumba katikati ya kitako nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, hakikubonyea. Ubavu ni mwembamba kidogo kuliko nilivyoambiwa, ila haujanisumbua. Wali wa nazi huiva sawasawa juu ya mafiga, na makaa ya vifuu tunayapalia juu ya mfuniko mpaka maji yakauke. Lakini usije ukatia kilo 15. Wali ukivimba hufika mdomoni, mwiko haupati nafasi, na wa juu hubaki na kiini. Kilo 15 ni jina la dukani. Jikoni hesabu 12, na kwa kipimo chetu kilo moja ni watu wanane wa futari, kwa hiyo ni karibu watu mia moja kwa upishi mmoja.

Kwenye mbaazi ndipo lilipopata mapenzi yangu. Kilo nane za mbaazi kavu, zilizorowekwa tangu usiku, hukaa humo kwa raha. Tui la pili na la tatu hutangulia. Kasimile, tui zito la kwanza, huja mwisho, kuni zikishatolewa, na hapo mwiko haulali, kwa sababu kasimile ikitokota kwa nguvu tui hukatika ukaona mafuta yanaelea peke yake. Mwiko wa kawaida haufiki chini. Mume wangu alituchongea mwingine kutoka kwenye kasia lililovunjika, akaupiga msasa siku nzima, nahodha mzima amekaa kiwandani anapiga msasa mwiko, na ilikuwa siku ya kwanza tangu Machi nilipomsikia akiimba.

Uji wa mchele ni mgumu zaidi. Unataka mtu wa kukoroga asiyeondoka, maana chini ukishika, harufu ya kuungua huingia yote. Kazi hiyo tulimpa kitinda mimba wetu, wa miaka minane wakati ule, akisimama juu ya kibao na mtu mzima nyuma yake. Tangawizi na pilipili manga hutiwa karibu na mwisho. Sukari tuliacha kutia sufuriani tangu siku ya tatu, na nitaeleza kwa nini.

Binti yangu mkubwa alianza kuandika daftari. Mwanzo lilikuwa la hesabu ya nazi na kuni. Siku ya tatu alirudi kutoka kwa mzee mmoja akiwa na bakuli la uji halijaguswa: mzee ana kisukari kama bibi yake, na hakutaka kusema alipopewa. Toka siku hiyo sukari inakwenda pembeni kwenye kikopo, na daftari likageuka. Fulani hali pilipili. Fulani hana meno, apewe ndizi za nazi mahali pa sambusa. Fulani anameza dawa ya presha, chumvi ipunguzwe. Fulani yuko peke yake lakini husema wako wawili, mpe za wawili. Msichana wa miaka 19 ambaye kabla ya hapo sikumjua kama anaweza kukumbuka nambari ya simu yangu, alikuwa anajua nani ameamka na nani amelala miguu imevimba katika vichochoro vyetu viwili.

Kwa nini vichochoro vizima? Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipokosea na ndipo mwenye kununua sufuria kama hili anapoweza kukosea. Tulianza kwa kuwapelekea waliotajwa na mavyaa tu. Siku ya nne kitinda mimba wangu alifika kwa bibi mmoja wa karibu na sokoni, na jirani alipomuuliza amebeba nini, akajibu kwa sauti yake kubwa ya kitoto, "Ni ya maskini." Yule bibi aliupokea mkono wa salamu, sahani hakuipokea. Akafunga mlango.

Mtoto alirudi na sahani, hajui amefanya nini. Mavyaa hakumkaripia. Kesho yake alimshika mkono, yeye na fimbo yake, wakaenda pamoja, na walikaa huko mpaka nikaogopa kafyu itawakuta. Mavyaa aliniambia baadaye maneno aliyoambiwa na mwenzake, kwa Kiamu chao kile cha zamani: "Hata sahani moya yatosha, mwanangu. Lakini ndoo ukae. Si ndaa peke yake." Yaani njoo ukae, si njaa peke yake.

Tukabadilisha utaratibu. Ramadhani majirani hupelekeana futari, ndiyo ada yetu, mwenye nacho kwa mwenye nacho, na kila saa kumi na moja vichochoro hujaa watoto wenye sahani zilizofunikwa kawa. Basi tukaanza kupeleka kila mlango, wa tajiri na wa asiye na kitu, sahani zile zile, kawa zile zile. Sahani ikipita, hakuna awezaye kusema ni ya dhiki au ya ujirani. Waliokuwa nacho wakaturudishia kwa mkono mkubwa kuliko tulivyopeleka: gunia la mchele, kuni, nazi, mmoja alileta samaki aina ya changu wa kutosha mchuzi wa siku mbili. Nguvu ya sufuria hili kuendelea hadi mwisho wa mwezi ilitokana na badiliko hilo. Na yule bibi alirudisha sahani yake siku ya pili ikiwa na ndimu tatu. Chombo hakirudi kitupu kwetu. Mtoto wangu alizibeba ndimu zile viganjani kama mayai, na bibi yake akazikamulia kwenye mchuzi mbele ya macho yake.

Leo mtoto huyo ana miaka 13. Alhamisi akitoka shule hupita kwa bibi yule, ambaye amemfundisha kusuka ukili. Kawa mbili tunazotumia sasa ni za mkono wake. Hazijanyooka vizuri ukingoni.

Narudi kwenye sufuria. Uzito. Tupu lina kama kilo nane, na likiwa na wali hupita kilo 40. Mtu mmoja haliwezi. Watu wawili wakilishika masikio, mvuke unawapiga usoni na wanakwenda upande upande kama kaa, na vichochoro vyetu mahali pengine punda na mtu wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Punda tulimjaribu siku moja. Mbaazi zilimwagika shogini. Mwishowe mume wangu akatafuta mpiko, mti wa boriti mnyoofu, akapitisha kamba kwenye masikio, yeye mbele na kijana wetu nyuma. Tulikuwa na vituo vitatu, kila kituo ni baraza ya mtu aliyeturuhusu, na hapo mabinti walipakua, watoto wakatawanyika na sahani. Adhana ya magharibi mwezi ule ilikuwa kama saa kumi na mbili na robo. Kwa hiyo sufuria liondoke nyumbani saa kumi na moja kamili, na wote wawe wamerudi kufuturu.

Kijana huyo alikuwa na miaka 16. Shule zilikuwa zimefungwa na alikuwa haongei. Si kwa ubaya. Alikuwa amezama kwenye simu yake, na baba yake alikuwa amezama kwenye hasara yake, na mimi nilikuwa katikati nikipeleka salamu. Mpiko ni kitu cha ajabu. Anayekwenda mbele hawezi kukaza mwendo, na wa nyuma hawezi kuchelewa. Kijana alikuwa mrefu kumshinda babake, kwa hiyo sufuria lilikuwa linateleza kuelekea kwa baba, likimpiga mgongoni kwa joto. Siku mbili baba alivumilia kimya. Siku ya tatu nilimsikia akisema, "Inama kidogo, mwanangu, wanichoma." Na kijana akacheka. Wakabadilishana nafasi. Kutoka hapo walikuwa wakirudi wanazungumza, habari za pepo, habari za mashine ya mashua, habari ambazo mimi sikuitwa ndani yake na sikutaka kuitwa. Nilikuwa nikiwasikia wanavyokaribia, sauti mbili nzito na kishindo cha sufuria tupu likigongana na mpiko.

Siku hizi yeye ni fundi wa umeme, yuko Mombasa. Akija nyumbani hupita kwa wazee watatu wa daftari la dada yake kutazama taa na soketi, kabla hajala.

Sasa ubaya mkubwa wa sufuria, na huu ni wa kuujua kabla hujanunua. Masikio yamefungwa kwa ribiti, vile vijimsumari vinavyopita kwenye tundu. Sikutazama ni ribiti za nini. Muuza duka aliniambia ni madhubuti, "hili utawaachia wajukuu." Kumbe zilikuwa za chuma. Chuma ndani ya alumini, kwenye hewa ya chumvi kama yetu, havikai pamoja kwa amani. Kutu huanza pale pale penye tundu na alumini inayoizunguka huliwa ikawa unga mweupe. Jioni ya 19 ya Ramadhani, karibu na kituo cha pili, sikio moja liliachia. Sufuria lilikuwa na mbaazi. Nusu ilimwagika kichochoroni, na uji wake mzito wa moto ulimwangukia mume wangu mguuni. Aliungua kutoka kifundo hadi vidoleni.

Nilifika nikamkuta amekaa barazani, mguu ndani ya karai la maji, na kijana wake amepiga magoti anammiminia maji mengine kwa kata, taratibu, hakuna anayesema. Zilibaki dakika 30 kabla ya adhana na milango karibu 20 haijapata kitu. Sikupaza sauti wala sikumwomba mtu. Milango ilifunguka yenyewe. Kila nyumba ya kichochoro kile ilitoa kitu kwenye futari yake: tambi, vibibi, mihogo, bakuli la kaimati. Binti yangu akafungua daftari akagawa vile vile kama kwamba tulipanga. Mwenye kisukari hakupata kaimati. Naandika haya na bado moyo unanipiga.

Duka lilikataa kulibadilisha. Nikaambiwa limeshapikiwa. Nilikasirika siku nyingi, si kwa pesa, kwa ule mguu, na nimelisamehe jambo hilo bila kulisahau. Fundi wa mabati alitoa ribiti zote nne, akatia za alumini, nene kama kidole changu cha mwisho, kwa shilingi 400. Miaka mitano sasa hazijatikisika. Kwa hiyo ushauri: dukani chukua sumaku, hata ile ya pochi ya simu. Iguse kwenye ribiti. Ikinata, ama acha ama mpelekee fundi kabla hujapika hata uji. Na hata zikiwa nzuri, kamba ya mpiko ipite chini ya kitako, isitegemee masikio peke yake. Sisi tulijifunza kwa ngozi ya mtu.

Matunzo ni machache. Kabla ya kuliweka juu ya kuni, lipake nje udongo uliochanganywa na majivu, unyevu unyevu. Masizi yatatoka na ule udongo. Ndani lisuguliwe kwa makumbi na sabuni. Usilipeleke ufuoni kulisugua kwa mchanga na maji ya bahari, ingawa ndivyo wengi tunavyopenda kwa kuona maji matamu ya Shela yasiteketee bure. Chumvi huacha vidoti, na vidoti huwa matundu. Chakula chenye ukwaju, ndimu au nyanya nyingi kipike, kipakue, kisilale humo. Asidi huila alumini na mchuzi hugeuka rangi na ladha. Ndimu zile tatu zilikwenda kwenye sufuria lingine.

Baada ya Ramadhani ile tulidhani limeisha kazi. Mavyaa akasema, "Wale wa hospitali je?" Alikuwa na maana ya jamaa za wagonjwa. Mtu akiletwa Lamu kwa boti kutoka Faza, Siyu, Kizingitini au Kiunga, haji peke yake. Huja na mama au shangazi, na mgonjwa akilazwa wiki, aliyemleta naye hulala popote, na nauli ya kurudi ameikunja kwenye kanga hathubutu kuila. Tukaanza kila Ijumaa. Wali, kunde za nazi, samaki akipatikana.

Kila Ijumaa ilitushinda. Nalisema wazi ili mtu asije akaanza kwa pupa akavunjika. Upishi mmoja wa kilo kumi za mchele na nazi zake na kitoweo ulikuwa unatula kama shilingi 4,000, na nazi tunazo za shamba la mavyaa, lau si hivyo ingezidi. Wageni walikuwa hawajarudi. Kuna Ijumaa tuligombana, kijana akasema amechoka na hataki, binti akalia kwamba Ijumaa zake zote ni vitunguu. Wote walikuwa na haki. Tulikaa mwezi mzima hatupiki, sufuria limepinduliwa kiwandani, kuku wanalala juu yake. Ni majirani waliokuja kuuliza liko wapi. Toka hapo ni nyumba nne kwa zamu, kila nyumba Ijumaa moja kwa mwezi, na sufuria linahama. Mwisho wa 2023, mvua za El Nino zilipoikata barabara ya kuja Lamu na vyakula vikapanda bei, nyumba zote nne zilipika pamoja, mihogo zaidi na wali kidogo, na hapo sufuria moja halikutosha. Tuliazima la pili.

Kuhusu thawabu sitajitia ualimu. Kila mtoto wa chuo anajua kuwa anayemfuturisha aliyefunga hupata mfano wa ujira wake, na wa mfungaji haupungui. Hilo liko kwa Mungu. Ninayoweza kuyashuhudia mimi ni ya hapa chini. Mavyaa, ambaye tangu kufiwa na mumewe alikuwa amekaa ghorofani akipandishiwa chakula, maneno machache, sasa ndiye mkuu wa mbaazi wa nyumba nne, na watoto wa watu huja kumwuliza kama zimerowana. Mwaka ule wa kwanza alikuwa ndiye mtu pekee kiwandani aliyeweza kuonja akameza, sisi sote tukiwa tumefunga. Kila jioni tulimsubiri. Alionja, akafumba macho, akasema chumvi au akasema imetosha. Kile alichokililia mwezi wa Aprili ndicho kilichotufanya tumhitaji.

Alama zangu: kitako kizuri, ukubwa mzuri ukihesabu kilo 12, mfuniko unakaa vyema, ribiti mbovu kabisa, masikio membamba kwa kamba nene. Bei naambiwa imepanda sana, kwa hiyo gawaneni nyumba mbili au tatu. Kwa nyumba moja isiyo na vijana wa kubeba, bora masufuria mawili ya kilo sita. Yatafanya kazi ile ile na mgongo utapona. Kama watu wa kubeba mnao, nunueni hili, na mtafute mti wa mpiko siku hiyo hiyo.

Zamu yetu ni wiki ijayo. Ubao wa pili wa mlango haujatiwa komeo tangu 2020. Alhamisi sufuria hurudi kutoka nyumba ya jirani baada ya alasiri, na saa hizo mavyaa huwa ameshateremka ngazi, amekaa dakani na fimbo yake, mbaazi ziko ndani ya maji, anasikiliza kichochoro.